Mbio za Usiku katika Njia ya Roma

Masomo: 1 Wakorinto 9, 24-27, Waebrania 12, 1-2



Siku jina la mtu linapoandikwa mara ya kwanza katika daftari la wakatekumeni, furaha huwa kubwa nyumbani kwake. Huvikwa medali shingoni, ndugu Wakristu humpa mkono, mama wazee hupiga vigelegele. Mwaka wa kwanza huja katika mafundisho kabla ngoma haijalia, wala mvua haimzuii. Mwaka wa pili huja pia, lakini huchelewa. Mwaka wa tatu katekista huita majina, na majina mengine hayana mwenye kuitikia. Hao wasioitikia hawakumkana Mungu kwa kinywa chao. Hakuna hata mmoja aliyesema: «Tangu leo simtaki Kristu.» Walichoka njiani, basi. Mtu alikaa kando ya njia apumzike kidogo, na jua likamchwea hapo alipokaa.

Kwa sababu hiyo Kanisa halina haraka. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza kwamba watu wazima wa Afrika wafundishwe na kujaribiwa miaka minne kabla ya kubatizwa. Mwenye kusikia habari hiyo huuliza: «Mbona muda mrefu hivi? Je, Mungu hawezi kumpokea mtu kwa siku moja?» Mungu aweza, yule mwizi aliyetubu msalabani alipokewa siku ileile. Lakini aliyepewa maisha marefu amepewa mbio ndefu, na mbio ndefu hazikimbiwi kama mtu amfukuzavyo mbuzi aliyeingia shambani.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto juu ya jambo hilo. Karibu na mji wao palikuwa na uwanja wa michezo uliosifiwa sana, na vijana wa Ugiriki walikutana huko kushindana kwa mbio. Mshindi alivikwa taji la majani. Paulo aliwakumbusha kwamba vijana wale walijinyima mambo mengi kwa ajili ya majani yanayonyauka. Basi, Mkristu anayengojea taji lisilonyauka ajinyime kiasi gani? Ili mafundisho hayo yaeleweke vema, yafaa kuisikia habari ya mtu mmoja wa Afrika aliyekwenda kupiga mbio ndefu ugenini kwa mara ya kwanza.

I. Mgeni mwenye miguu mitupu

Tarehe 10 Septemba 1960, siku ya Jumamosi, watu 69 wa mataifa mengi walisimama penye kilima cha Capitolio, mjini Roma. Ilikuwa Michezo ya Olimpiki. Mbio walizoitiwa huitwa marathoni, nazo ni kilomita 42 na mita 195. Safari ambayo mwenye mzigo kichwani huimaliza kwa siku nzima, tena akiwa amechoka sana, wao walitakiwa kuimaliza kabla chakula cha jioni hakijapoa.

Kati yao alisimama askari mmoja wa Ethiopia, jina lake Abebe Bikila, mwenye umri wa miaka 28. Alizaliwa katika milima ya nchi yake, akachunga mifugo utotoni, kisha akaingia katika kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Hakuwa amepata kushindana katika nchi ya kigeni. Wenye kujua mambo ya michezo waliyataja majina ya wakimbiaji wengi siku zile, lakini jina lake halikutajwa.

Tena palikuwa na jambo lililowashangaza watazamaji: hakuvaa viatu. Alikuwa amejaribu viatu vipya kabla ya siku ile, navyo vikamchubua miguu. Basi akaviacha, akasimama mstarini miguu mitupu, kama alivyozoea kukimbia nchini kwake. Watu wa mji ule mkubwa walimwangalia kama vile mtu wa mjini amwangaliavyo mgeni atokaye kijijini.

Mbio zikaanza saa kumi na moja na nusu jioni, ili wakimbiaji waepuke joto la mchana. Wakatoka mjini, wakaenda mbali, na walipogeuka kurudi giza lilikuwa linaingia. Wakaifikia Njia ya Appia, barabara ya kale ambayo Warumi walianza kuijenga zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristu kuzaliwa. Huko askari walisimama kando ya njia, wameshika mienge ya moto ili kuwamulikia wakimbiaji. Katika mwanga ule watu waliona wawili tu mbele ya wote: Abebe Bikila, na Rhadi ben Abdesselam wa Moroko. Waafrika wawili, bega kwa bega, usiku, katika njia ya majeshi ya Kaisari.

Karibu na mwisho wa mbio ilisimama nguzo ndefu ya jiwe. Nguzo hiyo ilichongwa na watu wa Aksum, mji wa kale wa Ethiopia. Waitalia waliiteka nchi hiyo mwaka 1936, na mwaka 1937 wakaichukua nguzo hiyo kwao, wakaisimamisha Roma. Nayo ilirudishwa kwa wenyewe mwaka 2005. Bikila na mwalimu wake, Onni Niskanen wa Sweden, walikuwa wameikagua njia mapema, nao wakaifanya nguzo ile kuwa alama. Mgeni alipokuwa amechoka, jiwe la nchi yake lilimwambia kwamba mwisho u karibu. Hapo akaongeza mbio, na mwenzake hakuweza tena kumfuata. Akafika peke yake penye Tao la Kaisari Konstantino, yule aliyewapa Wakristu uhuru wa kusali mwaka 313. Alikuwa amekimbia kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, na mwenzake alifika sekunde 25 baada yake. Hivyo Abebe Bikila akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki, katika mwaka uleule ambao Kongo ilipata uhuru wake tarehe 30 Juni.

II. Waliotangulia katika njia ileile

Mawe ya Njia ya Appia yalikuwa yamekwisha kukanyagwa na wageni wengine, wakubwa kuliko yeye.

Miaka 1900 kabla yake, Mtume Paulo alipita katika njia hiyo akielekea Roma. Naye pia alikuwa anaingia mji ule kwa mara ya kwanza, tena hakuingia kama mshindi bali kama mfungwa, akilindwa na askari. Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 28, chasimulia kwamba ndugu Wakristu wa Roma waliposikia habari zake walitoka mjini, wakaenda mbali ili kumlaki njiani. Paulo alipowaona alimshukuru Mungu, akapata moyo. Yafaa kuyafikiri maneno hayo. Mtu aliyepigwa kwa mawe asiogope, aliyevunjikiwa na jahazi asikate tamaa, yeye naye alihitaji kuziona nyuso za ndugu kando ya njia. Ndugu hao walikuwa kwake kama ile mienge ya usiku.

Katika njia hiyohiyo lipo kanisa dogo lenye kukumbusha habari ya Mtume Petro. Mapokeo ya Wakristu wa kale yasimulia hivi: Kaisari Nero alipowatesa Wakristu, Petro alitoka Roma akikimbia ili kujiokoa. Njiani alimwona Bwana Yezu akielekea mjini. Petro akamwuliza anakwenda wapi. Bwana akamjibu kwamba anakwenda Roma kusulubiwa tena. Petro akafahamu. Akageuka, akarudi mjini, akafa msalabani.

Basi katika njia moja walipita watu wa namna tatu. Paulo alikwenda mbele ingawa amefungwa. Petro alirudi nyuma kwa hofu, lakini akageuka tena. Bikila alikimbia bila viatu hata akafika. Mkatekumeni naye aingiapo katika mafundisho huanza safari ya namna hiyo. Ameingia katika nchi ambayo baba zake hawakuijua. Sala zake ni mpya, sheria zake ni mpya, hata jina atakaloitwa ni jipya. Asione haya kuwa mgeni. Wote waliopita katika njia hiyo walikuwa wageni siku ya kwanza.

III. Mambo matatu ya mwenye kupiga mbio

Jambo la kwanza: alijizoeza kabla. Watu wa Roma walimwona Bikila kwa saa mbili na robo tu. Hawakuziona zile asubuhi nyingi za milimani, ambazo alikimbia pasipo mtu wa kumpigia makofi. Ushindi uliandaliwa huko, ukaonekana huku. Ndivyo ilivyo kwa mkatekumeni. Siku ya Ubatizo kanisa litajaa watu, nyimbo zitaimbwa, nguo zitakuwa nyeupe. Lakini imani inayodumu huzoezwa katika mambo madogo yasiyoonwa na watu: sala ya asubuhi kabla ya kushika jembe, katekisimu inayorudiwa moyoni njiani kwenda kisimani, neno la uchungu linalomezwa lisitoke mdomoni. Mtu asiyeshinda hasira yake kwa sababu ya kuku aliyemla mihogo, atashindaje siku atakapoambiwa achague kati ya Kristu na uhai wake?

Jambo la pili: alikiacha kilichomwumiza. Viatu si kitu kibaya. Miaka minne baadaye, mwaka 1964, Bikila huyohuyo alishinda tena, mjini Tokyo, naye alikuwa amevaa viatu. Lakini vile viatu vya Roma vilimchubua, na kama angalivivaa kwa kuona haya mbele ya watu, asingalifika. Aliyeandika Waraka kwa Waebrania ataja vitu viwili vya kutupwa na mwenye kupiga mbio: dhambi, na mzigo. Dhambi mkatekumeni huijua, amefundishwa. Mzigo ni kitu kingine. Mzigo waweza kuwa kitu chema machoni pa watu, hata heshima, lakini kwa mtu huyu na kwa wakati huu chamzuia kufika. Kwa mmoja ni biashara inayomchukua kila Dominika. Kwa mwingine ni rafiki mchangamfu ambaye njia yake huishia kila mara penye mtungi wa pombe.

Tena kuna kilicho kizito kuliko mzigo, kinachokuja kimevaa nguo ya wajibu. Tufikirie mkatekumeni wa mwaka wa tatu, mwenye mke mmoja na watoto. Kaka yake mkubwa anafariki. Matanga yanapokwisha, wazee wa ukoo wanamwita barazani. Mzee mmoja anamwambia kwa upole:

«Mwanangu, wewe sasa ndiwe uliyebaki mahali pa kaka yako. Mkewe ni wako. Usipomchukua, watoto wa marehemu watalelewa na nani? Je, hiyo dini yako yakufundisha kumtupa mjane?»

Neno hili ni zito, kwa maana ndani yake mna ukweli na kosa vimefungwa pamoja. Mkatekumeni akijibu kwa ukali, atawatukana wazee wake, nayo ni dhambi. Akikubali yote, ameyaacha mafundisho, kwa sababu Kristu alisema mume na mke ni wawili, si watatu. Basi afungue lile furushi, atenganishe kilichomo. Ainamishe kichwa, aseme:

«Baba, umesema vema kwamba mjane asitupwe. Shamba lake nitalilima pamoja na langu. Paa lake nitaliezeka kabla ya langu. Watoto wa kaka ni watoto wangu, watakula wanapokula wangu, watasoma wanaposoma wangu. Lakini huyu ni shemeji yangu, nami nitamheshimu kama shemeji, si kama mke. Ninawaomba wazee wangu mniruhusu hivyo.»

Yawezekana wazee watakasirika. Yawezekana watasema kwamba Wakristu wamemharibu mtoto wao, na kwamba siku ya shida asiwaite. Usiku ule atalala akiwa mpweke kuliko alivyopata kuwa maishani mwake. Hapo ndipo kilometa za giza katika mbio zake. Lakini msimu wa mvua utakapokuja, na wazee watakapoliona paa la mjane limeezekwa kwanza, watajua kwamba dini ile haikumfundisha kutupa watu. Na hata wasipojua wao, Mungu amejua.

Jambo la tatu: aliijua alama yake. Bikila hakukimbia usiku ule kwa kubahatisha. Alijua penye nguzo ya jiwe atafanya nini. Mkatekumeni naye apewa alama njiani, ili asipotee wala asichoke: medali aliyovikwa, ishara ya msalaba iliyowekwa juu ya paji la uso wake, Kwaresima za kila mwaka, mitihani ya katekisimu, na zaidi ya hayo yote msalaba ulio juu ya altare. Msalaba nao ni alama ya nyumbani iliyosimama ugenini. Mkatekumeni akiutazama atajua kwamba kuna aliyetangulia, aliyeumia, aliyefika. Waraka kwa Waebrania wafundisha hivyo: mwenye kupiga mbio amkazie macho Yezu, ambaye ndiye mwanzo na mwisho wa imani yetu. Asiwakazie macho watazamaji, wakicheka wala wakisifu. Wala asigeuke kuangalia ni nani aliye nyuma yake, ili ajisifu.

IV. Yeye aliyeanguka

Labda mmoja atasema moyoni mwake: «Habari ya mshindi ni nzuri kwa wenye nguvu. Lakini mimi nimekwisha kuanguka.» Huyo naye asikie.

Mwaka 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanyika katika mji wa Mexico, mahali palipo juu sana, ambapo hewa ni nyepesi na pumzi hukatika upesi. Bikila alianza marathoni, lakini mguu wake ulikuwa mgonjwa, akalazimika kuacha kabla ya nusu ya njia. Mshindi akawa Mamo Wolde, Mwethiopia mwenzake. Katika mbio hizohizo alikuwamo John Stephen Akhwari wa Tanzania. Njiani misuli ilimbana, kisha wakimbiaji wakasongana, naye akaanguka vibaya, akaumia goti na bega. Wauguzi wakamfunga kitambaa. Wengi walidhani kwamba kwake mbio zimekwisha.

Akhwari aliinuka. Alikimbia kidogo, akatembea, akakimbia tena, akichechemea. Mshindi alikuwa amekwisha kufika zaidi ya saa moja kabla yake. Jua lilikuwa limekuchwa, na watu wengi walikuwa wamekwenda zao. Ndipo akaingia uwanjani, kitambaa kikining'inia mguuni, akauzunguka uwanja, akamaliza. Alikuwa wa mwisho kati ya wote waliofika, yaani wa 57. Wachache waliobaki wakamshangilia kama mshindi. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali hivyo ili aanze mbio, bali ili azimalize.

Hapa mbio za Mungu zapita mbio za watu. Katika michezo ya Wakorinto taji lilikuwa moja, na aliyelipata aliwanyima wenzake. Kwa Mungu sivyo. Kila anayefika huvikwa. Bwana wetu aliahidi wokovu kwa mwenye kudumu hata mwisho, wala hakutaja kama atafika wa kwanza au wa 57. Basi mkatekumeni aliyeanguka, hata kama ni katika dhambi kubwa, hata kama kijiji kizima kinajua, asilale pale alipoanguka. Petro naye alikimbia akiipa Roma kisogo. Ainuke, aende kwa katekista, aende kwa Padri, aseme: «Nimeanguka.» Hatasikia kicheko huko. Atafungwa kidonda, naye ataendelea.

Na wale wanaokwenda mbele bila kuanguka, wajue kazi yao. Wakristu wa Roma hawakumngojea Paulo mjini, walimfuata njiani. Askari wa Njia ya Appia hawakumkimbilia Bikila mbio zake. Waliinua mienge tu, naye akaona mahali pa kukanyaga. Jina la mwenzao lisipoitikiwa, wasiseme: «Tulijua huyu hatamaliza.» Mmoja avuke mto, amtembelee, akae naye, amwambie: «Ndugu, jana tulijifunza hivi na hivi.» Neno dogo la namna hiyo ni mwenge wa kutosha kwa usiku mmoja.

V. Taji lisilonyauka

Habari ya Bikila ina mwisho ambao vijana hawapendi kuusimulia, lakini Mkristu apaswa kuusikia. Mwezi wa Machi 1969 alipata ajali ya motokari nchini kwake. Mishipa ya uti wa mgongo iliumia, na miguu ile iliyokanyaga mawe ya Roma haikutembea tena. Alipelekwa Uingereza kutibiwa. Huko, akiwa juu ya kiti cha magurudumu, alijifunza kulenga shabaha kwa upinde na mishale, akashindana pamoja na vilema wengine. Inasimuliwa kwamba alikiri hivi: ushindi wake aliupokea kwa mapenzi ya Mungu, na ajali yake vilevile. Akafa tarehe 25 Oktoba 1973, mwenye umri wa miaka 41.

Taji la dunia hunyauka; ndivyo Paulo alivyosema. Kwanza hunyauka majani, halafu miguu, halafu sifa. Lakini yafaa kuangalia kilichobaki wakati miguu ilipokufa. Yule aliyezoea kuvumilia njiani alivumilia pia juu ya kiti. Saburi aliyoipata katika mbio za kwanza ilimfaa katika mbio za pili, zile zisizohitaji miguu. Nao mkatekumeni anayevumilia miaka yake ya mafundisho hajifunzi kungojea siku moja ya sherehe. Anajifunza kuwa Mkristu siku ya ugonjwa, siku ya njaa, siku ya kufiwa, na siku ya kufa kwake mwenyewe.

Usiku wa Pasaka, kadiri ya desturi ya kale ya Kanisa, taa zote huzimwa. Watu husimama gizani. Kisha Padri huingia na mshumaa mmoja unaowaka, na kutoka mshumaa ule moto hupitishwa mkono kwa mkono, hata kanisa lote lang'aa. Ndipo wakatekumeni huitwa kwa majina. Huja mmoja mmoja kwenye maji ya Ubatizo, na msimamizi husimama karibu. Baada ya maji kila mmoja hukabidhiwa mshumaa wake.

Usiku huo katekista ataita majina tena, kama alivyoita mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kila mkatekumeni ajiulize leo, akiwa angali njiani: jina langu litakapoitwa, nani ataitikia?

Sala

Ee Yezu, uliyetembea kwa miguu katika njia za Galilea, ukaanguka chini ya msalaba, ukainuka, ukafika: utuonyeshe mzigo tunaopaswa kuutua leo. Uwape moyo walio wageni katika imani. Uwainue walioanguka. Utufanye kuwa mienge kwa ndugu zetu usiku. Na jina letu litakapoitwa, utujalie kuitikia. Amina.